Deni la Anayejua

Kazi yangu ni kupiga mashine. Kaduka kangu kako Kamalondo, upande ambao siku ya mechi ya Mazembe mteja hasikiki hata akikuinamia sikioni. Nina kompyuta mbili, mashine ya fotokopi isiyopenda joto, na kile chuma cha kutoboa karatasi ili zipite waya. Wanafunzi wa vyuo vya juu vya Lubumbashi, hasa wa ufundi, huniletea kazi zao za mwisho, nami huzitoa zikiwa na plastiki mbele na kadibodi ngumu nyuma. Katika mfumo wa zamani, za kumalizia graduat, ule mzunguko wa kwanza, waliziita TFC, jina ambalo kwangu limebaki. Za licence, memwari. Bei ni kwa ukurasa. Majedwali ninayaongezea kidogo kwa sababu yanaumiza macho.

Mwalimu wa umeme husoma za umeme. Mwalimu wa uuguzi husoma za uuguzi. Mimi ninazisoma zote, wala si kwa kupenda elimu: vidole haviwezi kupita mahali ambapo macho hayajapita. Asubuhi ni transfoma ya mtaa inayoungua kwa kubebeshwa nyumba nyingi. Mchana ni usafi wa vyombo katika wodi ya wazazi. Jioni ni kiasi cha asidi kinachotakiwa ili jiwe liachie kobalti yake. Nimeandika juu ya mahindi kwenye udongo uliochoka, juu ya likelemba, yaani upato, za akina mama wauza samaki, juu ya programu ya kuhesabia karo, juu ya visima vilivyochimbwa karibu mno na vyoo. Kama kuna mtu Kamalondo anayeona kwa pamoja vitu vyote vijana wetu wanavyovitafuta, basi ni mimi mama niliyeishia sekondari.

Na kazi hizo zote, ziwe za madini au za maziwa ya watoto, hutokea mlango mmoja: mapendekezo. Kwa serikali, tunapendekeza hiki. Kwa makampuni, hiki. Kwa wakazi, hiki. Mimi ni mkazi. Nimepiga mashine mapendekezo yanayonihusu mwenyewe, nikalipwa kwa kuyapiga, na hakuna aliyeinua uso kuniambia: mama, hapa tunasema na wewe. Kijana hulipa, hutia nakala zake mfukoni na kuaga: "Aksanti mama, kesho njo natetea." Kesho anatetea, juri inampa alama, jioni kuna bia ya Simba na kuku. Nakala moja kwa promota, yaani mwalimu anayemsimamia, moja kwa maktaba. Niliwahi kwenda kwenye maktaba ya chuo kimoja, nisichotaka kukitaja, kumsaidia kijana aliyepoteza nakala yake. Rafu ya chini ilikuwa imeshapata wasomaji wake: mchwa.

Swali langu si la ufundi. Mtu akishajua jambo linalogusa uzima wa wenzake, je, anadaiwa? Na kama anadaiwa, anamaliza kulipa lini?

Nililelewa kujibu kwamba anadaiwa, maana wazazi wangu walikuwa watu wa Jamaa. Kwa msomaji wa mbali lazima nieleze. Placide Tempels, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, alichapisha kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu mwaka 1945, hapa hapa mjini, wakati ukiitwa Elisabethville. Hoja yake, kama inavyomfikia mama asiye mwanafalsafa, ni kwamba kwa Mluba kuwapo na kuwa na nguvu ni jambo moja, na nguvu hiyo huzidi au hupungua kwa jinsi viumbe vinavyogusana. Wanafalsafa Waafrika waliofuata, akina Eboussi Boulaga na Hountondji, walimkosoa bila huruma, nao wana haki. Mzungu mmoja anawasemea Wabantu wote, na wote wanafikiri sawasawa kama askari kwenye gwaride! Mudimbe, aliyefundisha katika chuo kikuu chetu miaka ya 1970, alionyesha kwa kirefu jinsi Afrika ilivyotungwa ndani ya maktaba za wengine.

Ila nyumbani kwetu hatukusoma kitabu kile. Tulipokea kilichokuja baada yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Kolwezi, Tempels alianza kukaa na wafanyakazi wa migodi na wake zao, akizungumza nao kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga, na katika mazungumzo hayo ikazaliwa Jamaa. Kanisa liliiangalia kwa jicho la wasiwasi mara nyingi, hiyo ni habari ndefu. Mawazo makubwa yalikuwa matatu: uzima, uzazi, mapendo. Baba yangu, mtu wa kiwanda cha shaba, alipima kila kitu kwa hayo. Ukimletea habari ya mjini, hata ya kuchekesha, alikusikiliza mpaka mwisho kisha akauliza: inazaa nini?

Uzazi huo si wa tumbo peke yake. Katika Jamaa mtu humzaa mwenzake rohoni kwa kumfikishia mawazo, na aliyezaliwa hivyo hahesabiwi kuwa mkomavu mpaka naye azae. Baba asingeelewa kabisa kazi ya kurasa sitini ambayo mwisho wake ni alama. Angeuliza swali lake, na sijui kijana angejibu nini.

Kwa muda mrefu sikusumbuka sana. Walionisumbua ni wateja wangu wa kilimo.

Wanaagronomia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima metali ndani ya udongo wa bustani za mji huu na ndani ya mboga za majani zinazouzwa kwenye masoko yetu, wakakuta shaba, kobalti, risasi na kadimiamu kupita viwango vinavyokubalika kwa chakula. Sababu si siri. Kiwanda kilichoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911 kilimwaga vumbi lake juu ya mji kwa miongo mingi, na maji yanayopita kwenye mabaki ya viwanda ndiyo yanayomwagilia bustani wakati wa kiangazi. Wapo waliopima watu wenyewe. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, mtaalamu wa sumu, na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichunguza mkojo wa wakazi wa Katanga. Mwaka 2009 wakatangaza kwamba kobalti waliyoikuta kwa wanaokaa karibu na migodi na viwanda ilikuwa nyingi kuliko yote iliyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida. Mwaka 2018 walileta habari za Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba madini chini ya nyumba zao: watoto wa pale walikuwa na kobalti mara kumi ya watoto wanaokaa nje ya mtaa huo. Mwaka 2020 ukaja utafiti uliofanyika hapa Lubumbashi kwenyewe, ulioona uhusiano kati ya baba kufanya kazi za madini na mtoto kuzaliwa na kasoro za mwili.

Hizi si TFC za kufungwa kwa waya kwenye kaduka kangu. Ni kazi zilizopita mikononi mwa wataalamu wa dunia, zikatoka kwenye majarida makubwa. Kwa Kiingereza. Mtu wa London anaweza kujua kilicho ndani ya mwili wa mtoto wa Kasulo kabla mama yake hajajua. Simlaumu mtafiti kwa hilo: bila jarida la Kiingereza hakuna kampuni ambayo ingetikisika, na bila kampuni kutikisika hakuna kitakachobadilika mgodini. Barua ilitumwa kwa mwenye nguvu. Ninachosema ni kwamba ilikuwa na mwandikiwa wa pili.

Siku moja nilimaliza kupiga kazi ya msichana wa kilimo. Ilikuwa na jedwali refu la lengalenga, mchicha wetu, bustani kwa bustani, na risasi imeandikwa hadi tarakimu tatu baada ya nukta. Nilifunga mlango nikaenda kununua mboga, maana nyumbani watu hula. Nikamwuliza muuzaji zinatoka fasi gani.

"Mama, unauliza fasi, ao unauliza bei?"

Nilicheka, nikalipa, nikabeba. Usiku tukala bukari, ugali wetu, na lengalenga, na kila tonge lilinipita kooni kama lina jina. Ndipo nilipoona kwamba lile jibu nililolelewa nalo halitoshi. Ujuzi ule haukuniongezea nguvu, ulinipunguzia. Nilijua zaidi ya jirani zangu, na faida pekee ilikuwa kwamba wao walikula kwa amani. Ningemwambia nini yule mama wa soko? Kwamba mboga zake zina sumu? Bustani yake iko kando ya mto kwa sababu penye maji ndipo penye mboga mwezi wa nane. Hana lori la kumletea lengalenga kutoka mbali. Ningemwondolea mkate wa watoto wake kwa jedwali moja la mwanafunzi, kisha nikarudi zangu dukani nikiwa nimetimiza wajibu. Kuna watu wanaoiita hiyo kusema kweli. Baba yangu angeliuliza lile swali lake, na jibu lingekuwa: imezaa hofu.

Msichana aliporudi kuchukua nakala zake nilimkalisha. Nikamwambia asahau juri, anieleze mimi mwenye sufuria. Alifikiri, kisha akafunguka kwa namna ambayo sikuikuta ndani ya kurasa zake. Vumbi lililotua juu ya jani huondoka kwa kuosha kwa maji mengi, zaidi ya mara moja. Kilichopanda kupitia mizizi hakioshwi. Chokaa ikichanganywa na udongo wenye asidi, na mboji nyingi ikiongezwa, mmea hunyonya shaba na kadimiamu kidogo zaidi, kwa hiyo mwenye bustani ana jambo la kufanya hata kama hawezi kuhama. Na mtu asile mboga za bustani ile ile kila siku ya Mungu.

"Sasa haya yote mbona hukuyaandika?"

Alicheka kwa aibu. Alikuwa ameambiwa hayo ni mambo ya redio, si ya sayansi.

Kuna kijana anayefundisha metaliji, mteja wangu wa siku nyingi na mbishi kweli kweli, ambaye nilimweleza haya nikidhani atanipigia makofi. Akanipinga. "Mama, TFC si dawa. Ni zoezi. Fundi wa kuchomelea hauzi kipande chake cha kwanza." Kisha akanihesabia: sampuli chache, mashine ya kupimia imeazimwa kwa mchana mmoja, mwanafunzi bado anajifunza kushika chupa. Kila mwanafunzi akiruhusiwa kwenda sokoni kutangaza namba zake, wiki hii tutaacha lengalenga, wiki ijayo kapenta, wiki ya tatu maji. Na mwisho wa yote hakuna atakayeamini namba hata ile iliyo sahihi. Kwa maneno yake, mtu anayejua nusu ana deni moja tu, la kunyamaza mpaka ajue vizuri.

Ni hoja nzito, nami nimeibeba kwa muda. Ninaikubali katika hilo la namba. Sitaki TFC iwe tangazo. Lakini kama kweli ni zoezi tu, tuache kuandika "kwa wakazi tunapendekeza", maana hapo tunaigiza kusema na watu wasiokuwapo. Halafu, zoezi la nini? Kijana anazoezwa kutafuta, kupima, kutaja waandishi kwa mpangilio, kuvaa koti siku ya utetezi. Hakuna siku hata moja anayozoezwa kurudisha jibu kwa yule aliyemchotea udongo uani kwake. Akija kuwa profesa, mkono wake utakuwa umekakamaa upande huo.

Mtu anaweza kusema wazee wetu nao walificha, na ni kweli. Wayeyushaji wa shaba wa Bayeke hawakufundisha yeyote aliyepita njiani. Ilikuwa kazi ya chama, yenye mwiko, dawa na mabwana wake, na askofu de Hemptinne, Mbenediktini yule yule asiyempenda Tempels hata kidogo, aliandika habari zao mwaka 1926, akiwaita walaji wa shaba. Walisoma milima: mahali ambapo miti inakataa kuota na maua fulani madogo yanakubali, chini yake kuna shaba. Huo ni utafiti, hata kama hauna jalada. Ulikuwa siri, lakini siri ya namna gani? Siri inayotembea, yenye wanaoingizwa, inayotoka msimu wa ukavu na kurudi na misalaba ya shaba inayolipa mahari. Ya kwetu ni kinyume: haina mwiko wowote, mlango wa maktaba uko wazi, na hakuna anayeingia. Sijui ni ipi iliyofichika zaidi.

Mimea ya milima ile ile imerudi kwa njia nyingine, na habari hii ninaipenda kuliko zote nilizokutana nazo. Huko Penga Penga, mtaa ulioko upande ambao upepo ulisukumia moshi wa kiwanda, ardhi ilibaki uchi, nyekundu, isiyoshika hata magugu. Mylor Ngoy Shutcha na wenzake wa kitivo cha kilimo walichukua nyasi zilizozoea vilima vya shaba, mojawapo Microchloa kunthii, wakazipanda kwenye udongo huo uliotiwa chokaa na mboji. Mwaka 2015 walichapisha matokeo ya miaka mitatu. Nyasi haziondoi shaba. Zinaishika mahali pake ili vumbi lisiruke na mvua isiibebe. Hapo hakuna aliyehitaji kumtisha mtu. Walichojua wazee kwa ajili ya kupata shaba, hawa wamekitumia kuituliza.

Na kuna wanahistoria. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, katika ule mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi ulioanza mwaka 2000, walikwenda kuwauliza watu wa kambi za kampuni ya shaba ya Gécamines na wa komini za mji habari za maisha yao, kisha wakayarudisha kwa maonyesho katika jumba la makumbusho, na vitu vya nyumbani vilivyotoka kwa wakazi wenyewe. Historia inarudi kirahisi, utaniambia, haina sumu. Labda. Lakini mji huu umewahi kuwa na kundi la maigizo la Mufwankolo, lililowachekesha watu kwa Kiswahili hiki hiki huku likiwaambia mambo mazito kuhusu utawala. Mtu aliyeweza kuigiza kwamba madaraka hayagawanywi anashindwaje kuigiza kuosha lengalenga?

Parokiani, likisomwa fumbo la talanta, mahubiri huwa yale yale: mtumishi wa tatu alikuwa mvivu. Nimelisikiliza tangu utoto, na kadiri ninavyopiga mashine kazi za vijana ndivyo ninavyolisikia tofauti. Yule mtumishi hakupoteza kitu. Alirudisha talanta nzima, safi, bila mkwaruzo, kama nakala ya maktaba. Naye mwenyewe alitoa sababu: aliogopa. Bwana ndiye aliyemwita mvivu. Yeye alisema ni hofu. Ninawajua vijana wa aina hiyo. Mmoja aliandika juu ya maji yanayotoka nyuma ya kiwanda fulani, na usiku wa kuamkia utetezi alinirudia kaduka kakiwa kameshafungwa, akanibembeleza nibadilishe jina la kiwanda kuwa herufi X katika kurasa zote. Alikuwa na kaka anayefanya kazi mle. Nilibadilisha. Ningefanya nini? Mapendekezo yakabaki: kwa kampuni X, tunapendekeza.

Kwa hiyo ninaposema anayejua anadaiwa, sisemi anadaiwa peke yake. Mtoto wa watu, aliyekopa hata nauli ya kuja kwangu, hawezi kubebeshwa deni la mji mzima kwa sababu tu ndiye aliyeshika chupa ya sampuli. Linamhusu promota aliyesaini, linamhusu juri waliosikia kwa masikio yao, na linanihusu mimi niliyelipwa kwa kila ukurasa. Jamaa ilinifundisha kwamba mawazo hayafikishwi na mtu mmoja. Kila mara kuna baba na mama. Hilo ndilo silioni kwenye vyuo vyetu. Kijana anatetea akiwa amesimama peke yake mbele ya meza, na baada ya hapo anaachwa na jambo lake peke yake.

Nimeanzisha desturi ambayo wengine wanaicheka. Kila anayekuja kufunga kazi ninamwomba anisomee, kwa Kiswahili cha nyumbani, ukurasa mmoja: umekuta nini, unamhusu nani, na huyo anaweza kufanya nini kesho bila kungoja serikali. Ninaupiga bure. Wa uuguzi wanauweza kuliko wote. Wa umeme huanza na hesabu, na ninawarudisha. Wa sheria hawaishi. Baadhi wanagundua hapo hapo kwamba hawajui kazi yao inamhusu nani, na wawili watatu wamekasirika. Yule mwalimu wa metaliji anataka kila ukurasa upite kwanza kwake au kwa mwenzake wa fani husika kabla ya mtu yeyote kuusoma. Tumekubaliana, ingawa anachelewesha.

Wa visima na vyoo uko ukutani tayari, na watu wanauliza maswali ambayo siwezi kuyajibu, ninawatuma kwa mwenye kazi. Wa lengalenga bado uko ndani ya droo. Msichana aliusahihisha mara kadhaa, mwalimu ameupitisha, hauna jina la bustani wala la soko, unasema kuosha, chokaa, mboji na kubadilisha. Lakini sitaki yule mama wa soko aukute ukutani kwa mteja aliyemtangulia kuusoma. Jumamosi, akishauza na kabla hajakunja gunia, msichana na mimi tutakwenda kukaa naye, tumsomee yeye kwanza, na tumsikilize atakavyotujibu. Ana ulimi mkali. Nimemwambia msichana ajiandae kuliko alivyojiandaa kwa juri.